Mgongo wa Koti la Stesheni

12 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui sana, na kwamba cherehani mpya mmeshaelewana, maana mara ya mwisho uliniandikia kuwa inakimbia kama imeiba kitu. Mimi ni mzima. Mzee wa studio anakusalimu. Ile suruali uliyomkatia haivui. Anasema hajawahi kuvaa nguo inayomjua namna ile. Msalimie baba, mwambie redio aliyonitengenezea bado inaongea, ila ukiwasha taa ya mezani inakohoa.

Ahsante sana kwa kifurushi. Gauni la satini limenikaa kama ulinipima jana, na hujaniona huu mwaka wa pili. Nililivaa nikakaa kitini nikiwa sina pa kwenda, nikafurahi tu.

Umeniuliza kwa nini sipigi simu. Nitakwambia mara moja halafu tusirudie. Tangu uso uliponipinda, upande wa kushoto haujarudi wote. Daktari alisema mshipa wa uso unapona taratibu, na kweli jicho sasa linafumba, lakini mdomo umeegemea upande mmoja. Nikiongea kwenye simu maneno mengine yanatoka upepo mtupu, watu wananiuliza "Nani? Nani?" mpaka nachoka. Kwenye karatasi naongea sawasawa. Na ndiyo sababu sijaja nyumbani. Siwezi kusimama mlangoni pako mtaa mzima ukinitazama na kutikisa kichwa. Hata kazini nimeomba chumba cha nyuma. Zamani mimi ndiye niliyekuwa nawapiga watu picha za pasipoti, "inua kidevu kidogo, mama, hapo hapo." Sasa nachapisha tu, na anayewapiga ni Mzee.

Lakini nina habari nyingine, nayo ni nzuri. Jumapili studio ikifungwa, najipiga picha mwenyewe. Nilianza na kamera ya kidijitali. Ile kamera haina adabu, shangazi. Inakuonyesha sura yako kabla hujajiandaa, halafu inakupa kitufe cha kujifuta. Nilijipiga nikajifuta, nikajipiga nikajifuta, hadi betri ikaisha na hapakuwa na hata picha moja. Mzee alinikuta nikihangaika hivyo. Alifungua kabati akatoa kamera yake ya mkanda, ile nzito ya zamani, akasema, "Hii haina kufuta. Jipige, sahau, tutasafisha mkanda mwisho wa mwezi." Nikajaribu. Kwa kuwa sikuweza kujiona, nikatulia.

Sasa najipiga kama wale wanawake wa sinema za nyeusi na nyeupe, wale uliokuwa unanisimulia nikiwa chini ya meza yako naokota pini kwa sumaku. Leo mimi ni wa kofia pana, kesho ni yule wa nyuma ya pazia. Vivuli vya dirisha vinavyoanguka ukutani navitengeneza kwa wavu wa jiko ninaouweka mbele ya taa. Nakuwekea picha nne.

Nina ombi. Nataka kuwa yule wa stesheni. Unamjua: koti refu la kiume juu ya gauni, sanduku mkononi. Unaweza kunikatia lile koti?

Mwanao,
Sumaku


20 Februari

Sumaku wangu,

Marahaba, mwanangu. Miguu ipo, inauma inapotaka, sasa nimeacha kubishana nayo. Baba yako mzima. Amegombana na fundi viatu wa mlango wa pili juu ya nani kahamisha benchi. Walinuniana asubuhi nzima, na saa sita nikawakuta wamekaa kwenye hilo hilo benchi wanasoma gazeti moja, kila mtu ukurasa wake.

Umesema tusirudie. Sitarudia. Lakini hukusema nisijibu. Watu wa mtaa huu nawajua mimi. Wiki ya kwanza watakuonea huruma, wiki ya pili watakuazima ndoo na hawatairudisha. Hayo yamekwisha.

Koti unalo, limekuja pamoja na barua hii. Hukunipa kazi ngumu, maana lile koti ningelikata hata nikiwa na homa. Wewe hukuzikuta zile siku. Sinema mpya ikija, mimi nilikuwa kiti cha mbele, futi kamba shingoni na chaki mfukoni. Tulikuwa mafundi watatu mtaani, na wanawake walitoka ukumbini wakaja moja kwa moja: "Fundi, nataka kola ya yule." "Fundi, nifanyie mikono ya yule mbaya wake." Fundi aliyekuwa na nguo tayari dirishani ndiye aliyepata wateja. Kwa hiyo usiniulize visa. Nani alimpenda nani, nani alimuua nani, sijui. Niulize mabega, niulize bitana, niulize gauni lilipinduka vipi aliposhuka ngazi.

Siku hizi hakuna anayetaka mikono ya mtu. Wananunua nguo zilizoshonwa tayari, wananiletea nibadilishe zipu. Nimekaa na mkasi wangu mzuri nakata nyuzi zilizozidi. Basi ujue ulivyonifurahisha na hilo koti. Nilifunga mlango nikalikata kwa raha zangu zote.

Mfuko wa kifuani uko kushoto, panapotakiwa, nimeuchomekea kitambaa cheupe. Mgongo ni ule ule niliowakatia wanawake wote wa mji huu: rinda moja refu la katikati, linafunguka ukitembea. Kwa hiyo tembea. Usisimame tu kama nguzo.

Picha nimezitazama. Nguo zimekaa vizuri, nimejisifu. Lakini picha moja ni kofia, ya pili ni pazia, ya tatu ni mgongo na ya nne ni kivuli. Mimi nililea mtu. Uso wake uko wapi?

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Hapa kulikuwa na msimu wa watu kuomba hati za kusafiria, na kila mtu kwenye nchi hii nadhani amepigwa picha mbele ya shuka letu jeupe. Mimi nilikuwa kule nyuma nachapisha nyuso mpaka nikaanza kuziota. Natumaini nyote hamjambo, na benchi lipo lilipokuwa.

Koti! Shangazi, nililivaa nikakaa nalo kutwa. Mzee alitaka kuliazima, nikamwambia una suruali, tosheka.

Stesheni nimeitengeneza ndani ya studio. Benchi ni lile la wateja. Moshi wa treni ni birika mbili za maji yanayochemka, nimezificha nyuma ya benchi. Sanduku ni la Mzee, na nimelijaza kamera mbovu, maana niligundua kwamba ukishika sanduku tupu bega linakusema. Kamera ya mkanda ina kitufe kinachohesabu kabla ya kupiga, kwa hiyo nabonyeza halafu nakimbia kwenda kuwa mwanamke mwenye majonzi. Mara ya kwanza niligonga goti kwenye benchi, na picha ikatoka na majonzi ya kweli.

Kuna jambo lilinisumbua. Nilipofika pale penye moshi sikujua nifanye sura gani. Uso wa anayeondoka na uso wa anayebaki hazifanani. Yule mwanamke mwishowe alipanda treni au hakupanda? Wewe ile sinema uliitazama mara nyingi, niambie.

Nakutumia picha tatu. Nilichapisha mwenyewe chumba cha giza, Mzee alikuwa amesafiri. Katika moja nimegeuka. Siyo sana, lakini uso upo. Nilikuwa nimeamua kuichana, halafu nikakumbuka ulivyoniuliza. Ni yako peke yako. Tafadhali usimwonyeshe mtu.

Wako,
Sumaku


28 Mei

Sumaku,

Hatujambo wote. Baba yako ana kikohozi, lakini anakohoa zaidi mimi nikiwa karibu, kwa hiyo si cha kutisha. Fundi viatu kapata mjukuu, kila anayepita analazimishwa kupongeza.

Umesubiri barua yangu, najua. Nilikuwa na kazi nyingi. Kazi gani, nitakwambia siku nyingine.

Ile picha ya uso niliitazama kwanza kwa moyo. Nililia kidogo, sikufichi. Nilikuwa na hamu nawe, mwanangu. Jicho lile ni la bibi yako, lipinde lisipinde. Nakushukuru umenitumia, najua haikuwa rahisi.

Nilipomaliza kulia nikaitazama kwa macho ya kazi, na hapo nikashtuka. Mfuko uko kulia! Tangu nishike mkasi sijawahi kuweka mfuko wa kifuani kulia. Nilidhani nimeanza kuzeeka kichwani. Nikamwita fundi viatu nikamwambia avae koti lake la Jumapili asimame mbele yangu. Akasimama kama anahesabiwa. Mfuko wake kushoto. Nikamwita baba yako, kushoto. Nikarudi kwenye picha, kulia, na kitambaa changu cheupe kimechungulia pale pale kinanicheka. Vifungo navyo vimehama upande.

Ama umelivaa nje ndani, na hapo bitana ingeonekana, ama kuna kitu umekifanya katika hicho chumba chako cha giza. Tazama vizuri halafu unieleze, nisije nikafa na aibu ya mfuko.

Hayo mambo ya treni tuyaache kwanza. Barua imekuwa ndefu.

Shangazi yako


19 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pole kwa baba na kikohozi chake cha hadhira. Hongera kwa babu mpya.

Wewe huna kosa. Kosa ni langu. Mkanda wa picha una pande mbili, na ukiulaza kinyume kwenye mashine ya kukuzia, kila kitu kinahama: cha kushoto kinakwenda kulia. Kosa hilo hata mtu wa wiki ya kwanza hafanyi, na mimi nimefanya kazi hii miaka mingi. Nilikaa chini nikajiuliza ilikuwaje nisione. Halafu nikaelewa. Mimi uso wangu naujua kwa kioo, na kioo nacho kinageuza. Ile picha iliyogeuka ilikuwa na uso ninaouona kila asubuhi nikipiga mswaki. Nilipouona nikasema, ndiye mimi, basi, nikaanika.

Kwa hiyo niliingia tena chumba cha giza, nikaulaza mkanda sawasawa, nikachapisha upya. Unajua picha inavyokuja ndani ya dawa: kwanza karatasi tupu, halafu nywele, halafu macho. Nilikuwa nimejiandaa kuumia. Shangazi, aliyetokea hakuwa mimi. Mdomo ulikuwa umelala upande ambao sikuuzoea, jicho dogo limehamia kwingine. Alikuwa mwanamke fulani, mgeni kabisa, amevaa koti zuri, ameshika sanduku zito. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikamwambia kwa sauti: "Inua kidevu kidogo, mama. Hapo hapo. Umependeza."

Kumbe nilisema kwa nguvu. Mzee aligonga mlango akauliza naongea na nani. Nikamwambia, na mteja. Akasema, "Mwambie asitabasamu, hizo ni za pasipoti," akaenda zake. Hapo ndipo nikagundua kwamba natabasamu.

Miaka hii miwili nimekuwa nikijitazama kutafuta kilichoharibika tu, kama wewe unavyokagua nguo kutafuta mshono uliofumuka. Yule mgeni sikumkagua. Nilimtazama wote. Ingekuwa ameingia studio ningempa kiti. Na huyo ndiye watu wote wanayemwona nikipita. Mimi peke yangu nilikuwa sijakutana naye. Bila macho yako na huo mfuko nisingemwona hata leo. Ahsante, shangazi. Nimeandika neno hilo mara nyingi kwenye barua zangu, lakini hili la leo ni zito kuliko yote.

Nimerudi mbele. Mzee alinipisha, akanisogezea tu stuli. Mteja wa kwanza alinitazama usoni, akatazama saa, akaniuliza picha zitakuwa tayari lini. Hicho ndicho alichokuwa anataka kujua.

Nakuwekea picha iliyonyooka. Mfuko uko kushoto.

Na treni? Usinikimbie.

Sumaku


30 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikampa baba yako akaisoma, akatoka nje kusafisha koo, akakaa huko huko muda mrefu. Kikohozi hakikuwepo.

Sasa mimi nina mambo mawili ya kusema, na nayasema kwa kuwa wewe umesema yako.

La kwanza utakasirika. Ile picha ya mwanzo, iliyogeuka, niliibandika ukutani juu ya meza ya kukatia. Nilitaka kuuchunguza mfuko, naapa. Siku mbili tu, nikajiambia. Akaja muuguzi mstaafu, yule mrefu, kaleta zipu. Akasimama mbele ya picha. Nikajua sasa ataanza: maskini, ana nini, imekuwaje. Nilikuwa nimeshashika kiuno kumjibu. Akaniuliza, "Hili koti limeshonwa na nani?" Wiki ile ile akaja mwingine, nikamuuliza unataka koti la namna gani? Akaonyesha ukutani akasema, "Nataka nionekane hivyo." Hivyo vipi? Akasema, "Kama mtu anayeondoka na haombi ruhusa." Wameshafika wanane. Ndiyo ile kazi niliyokwambia nitakwambia. Mkasi wangu umeamka, Sumaku. Naingia dukani asubuhi kabla ya jua kuchomoza vizuri, naimba, mpaka fundi viatu amelalamika. Wanakuja kuniambia "fundi, kama la yule," vile vile kama zamani, na yule ni wewe. Nakushukuru mwanangu. Nilidhani sitalisikia tena neno hilo.

Uliniambia nisimwonyeshe mtu. Nilikosea. Ukitaka niibandue, niandikie neno moja, naibandua.

La pili. Sijui kama alipanda treni.

Hakuna sinema hata moja niliyoiona mwisho. Nilikuwa nakaa mpaka nguo ziingie kichwani, halafu natoka mbio nyumbani kukata kabla hazijanitoka. Ukikaa hadi mwisho, unatoka na umati, umeshachelewa. Yule wa stesheni nilimwacha pale pale kwenye moshi, kasimama, katutazama sisi. Nilirudi mara nyingi, na kila mara kulikuwa na koti linanisubiri mezani. Na kwa kuwa hakuwahi kugeuka nikiwepo, mgongo wa koti sikuuona. Lile rinda la katikati nililitunga mwenyewe. Wanawake wa mji mzima walivaa mgongo wa kichwani mwangu wakiamini ni wa sinema, na mimi nikanyamaza. Miaka yote nimejiuliza mgongo wake hasa ulikuwaje.

Shangazi yako, domo wazi leo


3 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima hapa. Mzee ana jino, hataki kwenda kwa daktari, anatafuna upande mmoja. Tukikaa pamoja tunaonekana ndugu.

Nilikasirika. Sitakudanganya. Nililisoma lile la ukutani nikaiweka barua chini ya godoro, nisiione. Nikawa nakuandikia kichwani barua kali sana, zingine zilikuwa tamu kweli. Lakini kila nikifika kwa yule muuguzi mrefu, nakwama. "Limeshonwa na nani." Naishia kucheka peke yangu. Mwisho nikaitoa barua chini ya godoro. Usiibandue. Ila iondoe ile ya kinyume uweke iliyonyooka, maana mimi ni mtu wa fani na sitaki kosa langu likae hadharani.

Hilo la kutoona mwisho nimelisoma nikasikitika kama mtu kanieleza habari ya mgonjwa. Sinema zote zile, shangazi! Nikaanza kutafuta. Nilimweleza kila mteja mwenye umri wa kutosha, nikapekua mtandaoni. Juzi nimeipata. Ni yeye. Ina michirizi na sauti inapanda na kushuka, lakini koti nililitambua kabla sijauona uso wake. Nilipofika kwenye moshi nikaizima. Sikutazama mbele. Tutaiona pamoja.

Mzee ameniazima ile mashine tunayoonyeshea picha za harusi ukutani. Nakuja tarehe kumi na nane, na basi la asubuhi. Nitashuka pale sokoni na nitatembea mpaka kwako kwa miguu, mchana kweupe, nikiwa na koti. Nimepiga moyo konde. Usitume mtu kunipokea, na usimwambie yeyote akae ndani wala akae nje. Waache walivyo.

Tenga kitambaa cheupe kikubwa.

Mwanao,
Sumaku


9 Septemba

Sumaku wangu,

Salamu zako zimefika, na kifurushi, na Mzee mwambie dawa ya jino ni kung'olewa, asijitie ushujaa. Sisi wazima. Baba yako tangu uondoke anafagia mbele ya duka langu bila kuambiwa. Nikimuuliza anasema vumbi. Fundi viatu anauliza kila siku lini tena, ameshajinunulia kiti chake mwenyewe cha sinema.

Nyumba imekuwa kubwa ulipoondoka, kwa hiyo nakaa dukani. Nimetaka nikuandikie siku ile ile, nikashindwa, kila nikianza natabasamu kama mjinga na kalamu imesimama.

Kwanza nikushukuru kwa ulivyokuja. Nilikuwa mlangoni tangu saa nne, najifanya nakung'uta mkeka. Nilikuona unatokea kona ya duka la rangi, rinda linafunguka na kufunga, sanduku mkononi. Watu walikutazama, sitasema hawakukutazama. Mmoja akasema, "Kumbe ndiye yule wa picha!" Basi. Ulipokuwa mita chache ukaweka kiganja shavuni, nikajua ndivyo ulivyozoea tangu uugue, na kiganja hicho hukukiondoa siku nzima, hata ulipokula, hata ulipocheka maneno ya baba yako. Niliona.

Halafu ile sinema. Mchana wa saa tisa, madirisha tumeyaziba kwa bitana nyeusi, kitambaa cheupe kimetundikwa juu ya meza yangu, wewe kulia kwangu, baba yako na fundi viatu kwenye benchi lao. Akatokea na lile koti. Mkono wangu ukaenda wenyewe mfukoni kutafuta chaki. Moshi ukaja. Akasimama akatutazama. Ndipo pale nilipokuwa natoka siku zote, na miguu yangu, ilivyo mibovu, ikataka kuinuka. Ukanishika goti ukasema, "Kaa, shangazi."

Na akageuka. Mgongo, Sumaku! Mgongo niliousubiri umri wangu wote! Hapakuwa na rinda. Hapakuwa na mshono. Koti lilikuwa la mtu mnene, wamelikusanya mgongoni wakalibana kwa pini! Pini tupu, zimepangwa kama meno, zinang'aa! Mimi nikasimama nikapiga kelele, "Wezi hawa! Pini! Wamembana kwa pini!" Fundi viatu akaanguka kutoka kwenye benchi. Na wewe ukacheka. Ulicheka ukitupa kichwa nyuma, ukisema, "Ningekuwepo na sumaku yangu," na mikono yako yote miwili ilikuwa imeshika tumbo.

Yote miwili, mwanangu. Shavu lilikuwa wazi, na mwanga wa stesheni ulikuwa unakucheza usoni, upande ulionyooka na upande uliolala, na pande zote mbili zilikuwa zinacheka, kila mmoja kwa namna yake. Sijui nilikutazama muda gani. Nilisema moyoni ahsante, na sikujua nimwambie nani kwanza, wewe, au huyo aliyekuazima kamera isiyofuta, au hata huyo fundi mvivu wa pini.

Nilipokigeukia kitambaa, kilikuwa kimebaki cheupe. Sinema imekwisha. Nyinyi mnapiga makofi, baba yako anafuta macho anasema ni vumbi.

Kwa hiyo mpaka leo sijui kama alipanda. Nimemuuliza fundi viatu, anasema alikuwa sakafuni. Baba yako hataki kusema, anafurahi kujua kitu ambacho mimi sikijui.

Wewe uliona. Lakini usiniandikie jibu. Njoo unionyeshe tena. Na mimi nakuahidi nitajitahidi kutazama ukutani, ingawa sidhani kama nitaweza.

Shangazi yako